Kona ya Nyuzi Tisini na Moja

Fundi wa vigae huja mwisho, na kwa kuwa huja mwisho ndiye wa kwanza kulaumiwa. Akifika, msingi umeshafukiwa, kuta zimeshapigwa plasta na rangi, paa limeshafungwa, na kila aliyefanya uzembe ameshakusanya vyombo vyake akaenda zake. Mimi ndiye ninayepiga magoti sakafuni na kugundua kwamba chumba kimekwenda upande. Nikimwambia mwenye nyumba, hunitazama kana kwamba nimekipinda mimi. Miaka ishirini na miwili ya kazi hii imenipa magoti mabovu na mdomo mkali, na magoti peke yake ndiyo niliyowahi kuyapeleka hospitali.

Nesi mstaafu alinipata kwa kuelekezwa na muuza saruji. Alikuwa amenunua nyumba ya zamani, akataka sebule iwekwe vigae kabla hajahamia. Aliponielekeza kwa simu alinitajia duka la dawa na kituo cha mafuta ambavyo zamani havikuwepo, kwa hiyo sikujua ni nyumba ipi. Nilipofika getini ndipo nilipoitambua. Nyumba ile, mita kumi na mbili kwa tisa, nilibeba tofali zake nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku niliyoondoka pale sikuwahi kupita hata njia yake.

"Karibu fundi, ingia na viatu vyako, humu bado vumbi tupu," alisema Nesi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaamuru wagonjwa walale chali. "Unaiona nyumba? Amejenga Mzee Kona mwenyewe. Unamjua?"

"Namjua."

"Nani asiyemjua. Aliyeniuzia alinitajia jina hilo tu, nikaacha kuuliza mengine. Ila nasikia kuna kona moja humu aliyoharibiwa na binti yake. Mtoto wa kike! Mzee wa watu akampeleka kazini amshikie futi ya kupimia. Unaona mambo?"

"Binti mwenyewe ndiye mimi, mama."

Nesi aliziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaitazama sakafu, akanitazama mimi, akaitazama tena sakafu, na hesabu aliyokuwa akiipiga niliisoma usoni kwake bila taabu.

"Nisamehe mwanangu, sikukusudia," alisema. "Ila hebu panga safu za mwanzo kwanza. Nizione, halafu tuzungumze."

Nimeweka sakafu za benki. Nimeweka sakafu ya chumba cha upasuaji, ambako daktari alimwaga maji kwa makusudi kuona kama yatatuama, yakaenda yote kwenye tundu lake. Sasa niwekwe kwenye majaribio kama niliyeanza juzi. Nikafungua mfuko wa vifaa.

Mzee Kona ni baba yangu mzazi. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, maana walisema kona zake unaweza kuziamini ukiwa umefumba macho. Hakuwa na hesabu za shule. Alikuwa na pembetatu moja tu, na hiyo ilimtosha maisha yake yote. Unapigilia kigingi pale unapotaka kona. Unapima mita tatu upande huu, mita nne upande ule, kisha unapima kutoka ncha hadi ncha. Ikija mita tano kamili, kona yako ni nyuzi tisini, nenda kajenge. Ikizidi tano, kona imefunguka. Ikipungua, imebana. Siku aliyonionyesha nilishindwa kulala kwa furaha. Tatu, nne, tano, na ukuta unakaa mahali pake bila kubembelezwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa hataki kusikia habari za vumbi, kwa hiyo baba alinichukua mimi, na kwa miezi kumi nilikuwa mtu mwenye bahati kuliko wote ninaowajua.

Futi yake ilikuwa imekatika mwanzoni. Kile chuma cha kunasia kiling'oka, sentimita saba za kwanza zikachanika, naye akazikata kwa mkasi wa bati. Mafundi wengi hufanya hivyo mpaka leo, hutupi futi nzima kwa ajili ya ncha. Unaanzia kwenye kumi. Anayeshika mwanzo anaiweka alama ya kumi juu ya msumari wa kigingi na kufunga mdomo wake. Anayesoma mwisho ndiye anayepaswa kukumbuka kwamba mita tatu sasa inasomeka mia tatu na kumi, mita nne ni mia nne na kumi, mita tano ni mia tano na kumi. Mimi nilikuwa mshika kumi. Baba alikuwa msomaji. Haikuwahi kuwa kinyume hata siku moja.

Siku ya kupanga msingi wa nyumba ile, lori lilikuwa limemwaga kokoto katikati ya kiwanja, kilima kizima. Kawaida baba hakuruhusu jembe liguse ardhi kabla hatujavuta kamba kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili, tukaona kwamba ni sawa. Kokoto zikatuzuia. Baba akasema kona ya kwanza inatosha, nyingine zitaifuata, tukaendelea.

Zilifuata kweli. Kosa lilijitokeza kwenye paa, miezi baadaye, fundi bati alipofika ukuta wa pembeni. Bati lake la mwisho upande mmoja lilifunika ukuta vizuri, upande wa pili likauacha nje sentimita kumi na tano na ushei. Mwenye nyumba akaitwa. Mafundi wote wakashuka, wakasimama uwanjani, watu kumi na wawili. Baba akapima, akapima tena, akanyoosha mgongo.

"Huyu ndiye aliyeshika futi," alisema, akaninyooshea kidole. "Kosa langu mimi ni kumleta mtoto wa kike kwenye kazi ya watu."

Fundi bati alicheka. Wengine wakacheka kwa sababu fundi bati amecheka. Niliulaza mwiko wangu juu ya ukuta, nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu. Baba hakunipiga wala hakunitukana, na angefanya hivyo pengine ningepona mapema. Alinyamaza tu, na tangu hapo hakuniita tena kazini. Kaka, yule wa kuchukia vumbi, ndiye aliyerithi vyombo na wateja. Akawa mkandarasi wa kusimama pembeni na simu.

Na mimi nilimwamini baba. Hilo ndilo linaloniuma kulisema. Kama Mzee Kona anasema ni mkono wangu, basi ni mkono wangu. Nilijifunza vigae kwa mtu baki, na kila kigae nilichokata maishani nimekipima mara tatu. Wateja hunisifu, ooh, huyu dada ana umakini. Umakini gani? Ni woga. Naogopa vidole vyangu mwenyewe kama mtu aliyewahi kuangusha mtoto mchanga.

Sasa sebule ya Nesi. Ilikuwa na mita nne na nusu kwa ukuta wa mbele na mita sita kwa ukuta wa pembeni. Nilipiga mstari sambamba na ukuta wa mbele, nikapanga vigae vikavu, bila gundi, kisha nikashuka nao hadi mwisho wa chumba. Pale kwenye kona, nafasi iliyobaki kati ya kigae kizima na ukuta wa pembeni ilikuwa sentimita nne. Mwisho wa ukuta, mita sita mbele, ilikuwa kumi na nne. Kabari ndefu, nyembamba, ambayo hata mtoto angeiona akisimama mlangoni.

Nesi alikuja saa sita na chai. Alisimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Si nilisema?" alisema. Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyochoma.

"Mama, vigae vimenyooka. Ukuta ndio umekwenda."

"Ukuta aliujenga Mzee Kona."

"Aliujenga na mimi nikiwepo."

"Basi si ndiyo hivyo mwanangu."

Nilichukua penseli. Nikampimia mbele ya macho yake, kutoka kwenye kona mita tatu ukuta huu, mita nne ukuta ule, nikatia alama, kisha nikapima ncha hadi ncha. Badala ya mia tano, futi ilisoma mia tano na nne. Nikamweleza kwamba kona imefunguka, imefika karibu nyuzi tisini na moja, na kwamba wazimu huo wa nyuzi moja, ukitembea nao mita sita, unakuwa sentimita kumi.

"Hizo ni hesabu zako," alisema Nesi. "Mimi nilikuwa napima joto la homa, sipimi kuta. Mlete baba yako aseme mwenyewe. Akisema ni ukuta, nitakubali ni ukuta na kazi utaendelea nayo. Asiposema, tutaachana kwa wema."

Akaniachia chai, akaondoka. Nilikaa juu ya boksi la vigae. Chai ikapoa. Ile mia tano na nne ilikataa kutoka kichwani.

Miaka yote nilidhani kosa ni kosa, limekaa tu. Lakini pembetatu haifichi siri ya mtu. Nilitoa simu, nikaanza kupiga hesabu kwa kikokotoo, kwenye kipande cha boksi nikiandika. Tuseme mkono wangu uliteleza, nikashika vibaya mara moja. Kama kosa la sentimita kumi lilikuwa kwenye ule upande wa mita tano, leo ningesoma mia tano na kumi, au mia nne tisini. Kama lilikuwa kwenye upande wa mita tatu, ningesoma mia tano na sita. Kwenye upande wa mita nne, mia tano na nane. Hakuna palipotoka mia tano na nne.

Kisha nikajaribu jambo ambalo nililiona la kijinga. Nikapunguza kumi pande zote. Mia mbili tisini, mia tatu tisini, mia nne tisini. Nilidhani haitakuwa na madhara, maana kama umezikata zote sawa, kona si itabaki ilivyo? Haibaki. Kumi ukiitoa kwenye mia tano ni jambo dogo. Ukiitoa kwenye mia tatu ni jambo kubwa. Upande mfupi unaumia kuliko mrefu, na kona inafunguka. Nilipiga hesabu mpaka mwisho. Ikaja mia tano na nne.

Nilirudia mara tatu, kama kawaida yangu. Pande zote tatu zilipungua kumi, na mshika kumi hawezi kufanya hivyo ila akiweka ishirini kwenye msumari mara tatu mfululizo. Mimi niliweka kumi kwenye msumari, kama nilivyoambiwa, mara zote tatu. Aliyesoma mia tatu badala ya mia tatu na kumi, mia nne badala ya mia nne na kumi, mia tano badala ya mia tano na kumi, ni mtu mmoja tu. Nililia pale juu ya boksi, kwa sauti, nikiwa nimeshika penseli. Sikulia kwa uchungu bado. Nilitazama vidole vyangu na nikavionea huruma.

Baba anaishi kwa kaka. Nilimkuta barazani, miguu juu ya kigoda, kaka yupo pembeni na simu yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na vumbi lako lote."

Nilimpa kile kipande cha boksi. Nilikuwa nimechora pembetatu mbili, moja ya mia tatu, mia nne, mia tano, na nyingine ya mia mbili tisini, mia tatu tisini, mia nne tisini, na pembeni nimeandika ile nyumba ni ipi. Baba alikiweka karibu na macho. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa nimejiandaa aniambie nimechanganyikiwa.

"Mia tano na nne," alisema.

"Ndiyo."

"Umepima vizuri?"

"Mara tatu."

"Basi ndiyo hivyo." Akanirudishia boksi. "Asubuhi ile nilianzia kwenye kiwanja cha mhandisi mmoja. Aliniazima futi yake mpya, nikapima nayo tangu kunakucha. Nilipokuja kwenye kiwanja chetu kichwa kilikuwa kimezoea kuanzia sifuri."

Alilisema kama mtu anayeeleza alipoacha miwani.

"Umejua tangu lini, baba?"

"Siku ile ile. Fundi bati hajashuka ngazi, mimi nimeshajua."

"Na ukaninyooshea kidole."

"Ulitaka ninyooshe wapi?" alisema baba, na sasa ndipo alipopandisha sauti kidogo. "Pale walikuwepo watu kumi na wawili, wote wanakula kwa jina langu. Mzee Kona akikosea kona, nani atamwita tena? Na wewe ungekula wapi, na mama yako? Wewe ulikuwa mtoto wa kike. Wangeamini upesi. Ulikuwa na nini cha kupoteza?"

Kaka aliacha kugusa simu. Hakuinua uso.

"Halafu aibu tuligawana," baba aliendelea. "Mimi nililaumiwa kwa kukuleta, wewe ukalaumiwa kwa kushika. Sawa kwa sawa."

"Sawa kwa sawa?" niliuliza. "Baba, tazama hapo kwenye boksi. Umekata kumi kila upande na kona imeharibika. Wewe ulikuwa na miaka thelathini ya jina, walikukata ukabaki na jina lako, mpaka leo nyumba inauzwa kwa jina hilo. Mimi nilikuwa na miezi kumi tu. Uliichukua yote."

Alinitazama. Ningependa kusema macho yake yalilengwa na machozi. Hayakulengwa na chochote.

"Dada, hayo si yamepita?" alisema kaka. "Una kazi yako nzuri, watu wanakuheshimu. Unafukua ya nini?"

"Nyamaza wewe," nilimwambia. "Vyombo unavyovikodisha vilikuwa vyangu."

Akarudi kwenye simu yake. Nikamweleza baba habari ya Nesi na alichotaka. Nikamwomba, na nilimwomba kwa adabu, nikiwa nimechuchumaa mbele yake kama zamani, aje aseme maneno mawili tu. Kwamba ukuta una kosa, na kosa halikuwa la mwanawe. Asitangaze mtaani. Amwambie mama yule mmoja, kwenye sebule ile, nisikie kwa masikio yangu.

Baba alikuna goti. "Nitakuja kesho," alisema.

Nilitoka pale mwepesi. Nilifurahi. Mjinga mimi, nilifurahi mpaka nikanunua machungwa njiani nikayala nikitembea.

Kesho yake waliingia saa nne, baba amevaa shati lililopigwa pasi, kaka nyuma yake na funguo za gari. Nesi alimpokea kwa mikono miwili. Kiti kilikuwa kimoja tu nyumba nzima, akamkalisha hapo, akasimama mbele yake kama anayengoja kupewa dawa. Baba hakukaa sana. Aliinuka, akapita mkono juu ya plasta, akaomba futi yangu, akanifanya nishike mwanzo. Akapima tatu, akapima nne, akapima ncha hadi ncha, akatikisa kichwa. Kisha akainama juu ya vigae vyangu vikavu, jicho moja amelifumba.

"Vigae vimenyooka," alisema. "Hilo niliseme wazi, mama. Hapa pana fundi. Ukuta ndio wenye kosa."

"Kumbe!" alisema Nesi.

Nilikuwa bado nimeshika ncha ya futi.

"Ukuta una kosa, na kosa ni la siku ile ya msingi," baba akaendelea kwa ile sauti yake ya upole ambayo mafundi wote walikuwa wakiipenda. "Lakini mwanangu alikuwa mdogo, mkono haujakomaa. Mimi mzazi nimeshamsamehe siku nyingi. Na wewe mama nakuomba umsamehe, mpe kazi yake. Sasa amekuwa mtu mzima."

Nilisimama. Nilimtazama kaka. Alikuwa amelishika boksi la vigae na kusoma maandishi ya ubavuni kana kwamba ni barua yake.

"Baba," nilisema, "sema ulivyosema jana."

"Jana nilisema nini?" aliniuliza, kwa upole uleule.

"Kaka alikuwepo. Kaka, sema."

Kaka aliligeuza boksi akasoma upande wa pili.

Nilitoa kile kipande changu nikakifungua mbele ya Nesi. Nilianza kumweleza, mia mbili tisini, mia tatu tisini, mshika kumi na msomaji, nikajisikia mwenyewe nilivyokuwa nikisikika. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, amejaa vumbi, anatetemeka, anamshtaki mzee aliyetoka kumwombea msamaha. Nesi alinishika bega. Mkono wake ulikuwa wa joto, wa mtu mwema.

"Mwanangu, hizo pembetatu sitazielewa," alisema. "Lakini baba yako nimemwelewa. Usibishane na mzazi aliyekusamehe. Kazi ni yako, sawa? Ni yako."

Baba alipokuwa akitoka alisimama karibu nami mlangoni. "Umeona? Kazi umepata," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetimiza ahadi. Kisha akaongeza, fundi kwa fundi, "Vilaze kwa hanamu. Kabari haitaonekana."

Kibaya zaidi alisema kweli. Vigae ukivilaza sambamba na ukuta, kila mgeni atakayeingia ataiona ile kabari na kuuliza ni nani aliyeweka sakafu hii. Hakuna atakayeuliza ni nani aliyejenga ukuta, kwa sababu hilo kila mtu analijua na analisifu. Ukivigeuza, vikakaa kwa ncha, kila kipande cha pembeni kinakuwa pembetatu, kubwa kidogo, ndogo kidogo, na jicho halina mahali pa kushika. Ilinipasa kuchagua kati ya kulificha kosa lake na kulivaa tena mimi. Nilifikiri niondoke nimwachie Nesi sakafu yake ya saruji. Lakini ningeondoka, hadithi ingekuwa binti yule yule ameharibu tena.

Nilifanya kazi siku tatu, toka asubuhi mpaka mwanga unapoisha. Nilikata pembetatu mia moja na kitu. Hakuna hata moja niliyoipima zaidi ya mara moja, na hakuna hata moja iliyokosea. Vidole vilikuwa vinajua kazi, na vilikuwa vinaijua siku zote. Ningetaka niseme hilo lilinifariji. Lilinikasirisha mpaka nikauma shavu kwa ndani nikasikia damu. Nilipiga hesabu ya majengo ambayo ningeyasimamisha, kona baada ya kona, kama mtu mmoja angeongeza kumi.

Siku ya nne nilifuta mianya kwa sponji, nikamwita Nesi. Alivua viatu, akatembea katikati ya sebule, akazunguka. Chumba kilionekana kimenyooka kabisa. Ungeapa kwamba mjenzi wake hakuwahi kukosea maishani.

"Jamani, jamani," alisema. "Hii kazi."

Akapiga picha kwa simu, moja kutoka mlangoni, nyingine kutoka dirishani, akazituma. Sikumuuliza anamtumia nani. Nilikuwa naosha mwiko kwenye ndoo alipokuja mbio hadi uani, uso umemchangamka, simu ameinua.

"Baba yako amejibu! Amerekodi sauti. Njoo usikie, ni ya kwako."

Akabonyeza. Sauti ya baba ikatoka, imechoka kidogo, imejaa.

"Mwambie binti yangu nimeona. Mwambie moyo wangu umetulia. Tangu leo nimempa radhi zangu zote."

Nesi alikuwa anafuta macho kwa kanga yake. Aliniuliza kama anitumie ile sauti niitunze kwenye simu yangu. Nilimwambia aifute.